Uje Umefunga

Mgongo wangu uliharibikia juu ya belo la mitumba. Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa wote, kila mwenye kibanda Tandika alijiona tajiri wa kesho, nami nilikuwa mmoja wao. Nguo zilikuja zimebanwa kwa vyuma, nzito kama maiti, na wapagazi walikuwa na maringo kuliko bwana harusi. Siku hiyo nikasema simsubiri mtu. Nikaliinamia belo, nikalinyanyua upande mmoja, nikasikia kitu kimefyatuka kiunoni, halafu moto ukashuka mguu wa kushoto mpaka kwenye dole gumba.

Nilikaa na maumivu yale kimya. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mfanyabiashara hudhani methali hiyo imetungiwa wengine. Nikawa nauza nimesimama, maana kukaa kulinishinda, na kulala nililala ubavu mmoja nimebana mto magotini. Mama yangu, ambaye nilirudi kuishi naye Temeke baada ya ndoa kunishinda, alijua tangu siku ya kwanza. Alinichua kwa mafuta ya nyonyo, akaniitia mtu wa kuniumika kwa pembe ya ng'ombe. Ikatoka damu nyeusi, mama akaridhika kwamba ugonjwa umetoka. Kesho yake nikashindwa kuinama kuchukua kopo.

Penye wengi pana mengi. Huyu aliniambia nilale juu ya mbao, yule akanielekeza kwa fundi wa viungo. Hospitali ya serikali walinifunga vizito miguuni ili uti wa mgongo uvutike, nikatoka nimerefuka labda, ila sijapona. Ikabaki operesheni kubwa, ya kupasuliwa mgongo kwa mstari mrefu na kulazwa wodini majuma. Kila mtaa ulikuwa na mtu wake aliyepasuliwa mgongo asiinuke tena. Mazungumzo yakifika hapo mama alikuwa akikumbuka kitu jikoni na kuondoka.

Lakini kilichonitia hofu hasa hakikuwa maumivu. Siku moja nilifika nyumbani kutoka sokoni nikiwa na ndara moja. Ya kushoto ilikuwa imenivuka njiani na mimi sina habari.

Wakati huo hospitali za watu binafsi ndiyo zilikuwa zinafunguliwa, na upande wa Kinondoni palikuwa na moja iliyosifiwa kwa ajili ya daktari wa mgongo. Alikuwa mtu wetu wa pwani, lafudhi yake tu ilimtangaza, ila kazi yake ilikuwa ng'ambo na huku alikuja mara chache, kwa siku chache. Alinilaza, akaweka kidole chake juu ya dole gumba langu, akasema, "Inua, nizuie." Nikainua kwa nguvu zangu zote. Dole halikusogea. Nikaona aibu, kama mtoto aliyeshindwa kusoma mbele ya darasa.

Akaniwekea picha yangu kwenye taa na kunieleza. Kati ya pingili na pingili za mgongo kuna kitu laini kama mto wa kulalia; changu kilikuwa kimepasuka, kipande kikatoka na kuukalia mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Sindano ya kupunguza uvimbe ingetuliza maumivu kwa muda, basi. Operesheni kubwa ilikuwepo. Na ilikuwepo njia yake yeye.

"Natoboa sehemu ndogo tu, haizidi pingili ya kidole," alisema. "Naangalia kwa darubini, natoa kipande kinachobana, nashona. Unaingia asubuhi, jioni uko kwako."

"Na mguu, daktari?"

"Maumivu yatapungua, hilo naweza kukuahidi. Mguu sikuahidi. Mshipa ukikandamizwa muda mrefu unakufa, na ukifa haurudi. Ndiyo maana nataka nikufanyie safari hii, nisingoje safari nyingine."

Nilitoka pale nikiwa na jambo moja tu kichwani: safari hii. Nikiwahi, mguu unaweza kuwa wangu. Nikichelewa, nitauburura maisha yangu yote.

Mama nilipomweleza alinitazama kama niliyetapeliwa. "Mgongo upasuliwe, na jioni mtu arudi kwake? Hiyo operesheni au kung'oa jino?" Hata hivyo alianza matayarisho. Alilitoa godoro lililobonyea, akaazima gumu kwa jirani, akazungumza na mwenye teksi atakayekubali kunipeleka nimejinyoosha kiti cha nyuma.

Siku moja kabla, nesi wa hospitali alinipa masharti. Alikuwa mama wa bara, mchangamfu, anaongea mbio. Niache vidonge vyangu vya maumivu, maana vinafanya damu isigande. Nije na mtu wa kunirudisha. Kucha ziwe safi, zisiwe na rangi, ili wakati nimelala waone kama damu inatembea vizuri. Nikamwonyesha hina. Nikamwambia hii haifutiki, inaondoka na kucha yenyewe. Akacheka, akasema basi watanitazama midomo. Kisha, akiwa ameshamgeukia mgonjwa mwingine, akaongeza, "Na kesho uje umefunga."

Kwetu kufunga mtoto anakujua kabla hajajua kusoma. Unaamka kabla ya adhana, unakula daku, unatia nia, halafu hakipiti kitu mdomoni mpaka magharibi. Kwa yule nesi neno lilikuwa na maana ya tumbo tupu tangu jana yake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Nani anauliza maana ya neno alilokua nalo?

Mama alifurahi waziwazi, mara ya kwanza tangu habari ile ianze. "Umeona? Hawa wana adabu. Mtu anaingia kwenye kisu na saumu yake." Akasema na yeye atafunga, ili nisiwe peke yangu.

Aliniamsha kwa kunigusa bega. Alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na chai ya maziwa imejaa birika. Sikuwa na njaa.

"Kula, mwanangu. Saumu bila daku ni kujitesa, na leo una kazi nzito."

Nikala. Akaniongezea, nikala tena. Adhana ilipolia tulikuwa tumeshasukutua na kutia nia wote wawili.

Hospitali walinivisha gauni la kijani na kunilaza kwenye kitanda cha magurudumu. Nilikuwa wa kwanza. Mama alisimama mlangoni, amejitanda kanga, midomo ikisoma dua. Akaja bwana wa nusu kaputi, yule wa kulaza wagonjwa usingizi, mpole, na maswali yake.

"Chakula cha mwisho umekula saa ngapi?"

"Nimefunga."

"Vizuri. Kabla ya kufunga, ulikula saa ngapi?"

"Daku? Kabla ya adhana."

Akavua miwani. "Adhana ya leo?"

"Ya leo."

Alinieleza taratibu kwamba mtu akipigwa nusu kaputi na chakula tumboni, chakula hupanda na kuingia mapafuni, na mtu anaweza kufia pale pale mezani. Nesi naye akafika, akashika kichwa. "Jamani, si nilimwambia aje amefunga?"

"Amefunga," mama alisema kutoka mlangoni, sauti imara kabisa. "Mie mwenyewe ndo nilomwamsha kula daku."

Hakuna aliyecheka. Nadhani angetokea wa kucheka ningemrukia, mgongo upende usipende.

Daktari alikuja amevaa tayari. Nikamwomba aniweke wa mwisho. Akasema wa mwisho wapo, wamejaa mpaka jioni, na usiku ule ule ana ndege. Akaweka tena kidole juu ya dole gumba langu, nikainua, akautoa mkono wake. Nilimchukia nesi, nikamchukia daktari na ndege yake. Mama sikuweza kumchukia, na hilo ndilo lililonitesa, kwa sababu hasira yangu yote ilikuwa inamtafuta yeye.

Teksi ikafika Chang'ombe. Hapo mama akasema kwa sauti ndogo, "Tuimalize saumu, mwanangu. Tumeshanuia." Nilikuwa natamani soda, kwa shari tu. Tukaimaliza. Magharibi alinipa tende.

Daktari alirudi baada ya miezi mingi. Safari hiyo nesi aliniambia, "Usile, usinywe, na daku hakuna," bila kutabasamu. Tundu likatobolewa, likashonwa, na kabla ya alasiri nilikuwa Temeke nimelala kwenye godoro gumu, majirani wanapokezana kuja kushangaa plasta. Maumivu yaliondoka, kweli. Naweza kukaa, naweza kucheka bila kushika kiuno. Mguu haukurudi. Natembea nikipandisha goti juu, kama mtu anayevuka dimbwi, na wayo unafuata nyuma na kupiga chini.

Mama hakuwahi kuizungumza siku ile, wala mimi. Wageni wakiuliza, yeye huwahi kujibu kwamba ni belo. Lakini Ramadhani ikifika tunaishi nyumba moja na daku ni lazima. Huamka kabla yangu, hupika, huanza kula taratibu akinisubiri. Natoka chumbani kwangu, na ukumbini nasikia kijiko chake kikigusa sahani. Wayo wangu ukipiga sakafu, kijiko kinanyamaza. Ninapoingia namkuta ameinamia sahani, hatafuni, na haendelei mpaka niwe nimeketi.

Nimejaribu kunyata ili asinisikie. Mguu ule hauwezi kunyata.