Mlango wa Abiria

Watu wa gereji walimwita Nyundo, na asidhani mtu kwamba jina hilo alilipata kwa kazi. Kazi yake ilikuwa milango. Aliziba magari kuukuu ya porini yanayovuja, kazi ya gundi, msasa na vidole vyenye subira. Jina lilitokana na mkono wake. Aliwahi kumng'oa jino muuza vipuri kwa neno moja la dharau, na fundi rangi, rafiki yake wa siku nyingi, alikuwa na kovu juu ya jicho ambalo wote wawili walilifanyia utani. Nyumbani nako, nyuma ya hiyo hiyo gereji, mkono haukuwa na likizo. Mkewe alijua kwa mlio wa lango kama jioni hiyo ni ya kuongea au ya kunyamaza. Binti yao wa pekee, kabla hajajua kusoma, alikuwa ameshajifunza kwamba ukipigwa usilie, maana kilio huongeza kipigo. Nyundo aliyaita hayo malezi. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo alivyopenda kusema, na huyo wake alimkunja kwelikweli.

Binti alikua, akaolewa na mpima ardhi, kijana mwenye maneno matamu na gari refu la porini. Mara mbili alirudi kwao uso umevimba, na mara mbili Nyundo alimrudisha. Mkwe alisema kateleza bafuni, kisha akasema kaanguka kwenye ngazi, na Nyundo akaamini, kwa sababu kutoamini kungemlazimu afikiri. Ndoa ina mabonde na milima, alimwambia binti yake, vumilia.

Mara ya tatu binti alikuja na taya limevimba upande mmoja, hata kula ikawa shida. Hazikupita siku nyingi mkwe naye akafika kumchukua, mvua ikinyesha. Aliamkia kwa heshima zote, akaomba radhi kwa jambo ambalo hakulitaja. Nyundo akakata shauri palepale: mwanamke mahali pake ni kwake, ataondoka leo hii na mumewe. Mama alitazama sakafu. Binti hakubisha, aliingia chumbani kufunga begi lake.

Kilichochelewesha safari ni kiti. Nyundo alichungulia ndani ya gari la mkwe akakuta kiti cha abiria kimelowa chapachapa, na hapo huruma ikamshika. Huruma yake, masikini, ilijua njia moja tu ya kutokea, nayo ni kwenye vyombo vya kazi. Akasema mtoto wake hatakalia dimbwi njia nzima. Lisogezwe gari chini ya bati, autengeneze mlango kwanza, ndipo waende.

Alipoufungua, maji yalichezacheza ndani ya mlango kama ndani ya dumu. Nyundo akacheka. Mkwe alikuwa ameona maji yakichuruzika chini ya mlango, akachukua silikoni akaziba vitundu vyote vya chini. Ni kosa la kila mwenye gari la namna hii. Mlango umeundwa unywe maji: yanapita kando ya kioo, yanashuka ndani, yanatokea kwenye vitundu vile. Ukiviziba, yanajaa mpaka yamwagikie kitini. Mkwe naye akacheka, akasema yeye anajua viwanja tu, akaenda barazani kupiga simu.

Nyundo alizibua vitundu kwa bisibisi, maji meusi yakamlowesha miguu. Kisha akaupima mpira wa mlango kwa karatasi, kama afanyavyo siku zote: unaibana karatasi mlangoni, unaivuta, ikitoka kirahisi basi pana upenyo. Kuzunguka kote iligoma. Kwenye kona ya juu ilidondoka yenyewe. Akatazama vizuri, akaona fremu imepinda kwenda nje. Upepo ukiubamiza mlango huharibu bawaba, hauipindi kona ya juu. Mwizi angeacha alama ya mtaimbo, na rangi ya nje ilikuwa nzima. Fremu hii ilisukumwa kutoka ndani.

Akapiga magoti, akatazama upande wa ndani. Chini palikuwa na mabonyeo madogo ya mviringo, mengi, moja juu ya jingine, ya kisigino cha kiatu cha kike. Juu, kwenye kona ile, mpira ulikuwa umechanwachanwa kwa kucha. Akafungua gamba la mlango. Kile chuma chembamba kinachounga kitasa cha ndani na kufuli kilikuwa kimekatwa, na ncha zake zimekunjwa vizuri kwa koleo zisipige kelele. Aliyefanya kazi ile hakuwa na hasira. Alitulia, akaifanya kwa nafasi.

Nyundo alirudisha gamba, akakaza skrubu zote. Akamwita mkwe aje akae kiti cha abiria, atazame maji yanapitia wapi. Mkwe akaingia. Nyundo akaubamiza mlango, hakugusa maji.

"Fungua utoke," alisema.

Mkwe alipeleka mkono kwenye kitasa, kisha mkono ukasimama njiani. Walitazamana kupitia kioo.

"Baba, alitaka kuruka gari likiwa linakwenda," mkwe alisema. "Nilifanya vile kwa usalama wake."

Nyundo aliuvuta mlango akamtoa kwa shingo. Ngumi ya kwanza ilipasua mdomo, ya pili ikavunja pua, na damu ikaruka mpaka kwenye kioo. Mkwe alijaribu kurudi garini. Alikuwa ameshika nguzo ya mlango Nyundo alipoubamiza kwa uzito wake wote, na mfupa wa mkono ukalia. Akaufungua, akaubamiza tena. Fundi rangi alikuja mbio akaambulia kiwiko cha kifua. Mama alisimama kizingitini bila sauti, kama ambavyo siku zote alisimama. Mkwe alikuwa tayari chini na Nyundo anampiga mateke ya mbavu, akisema kwa kila teke, mwanangu, mwanangu, mwanangu.

Binti alitoka na begi. Alilitupa, akamkimbilia baba yake, akamshika mkono. Nyundo aligeuka na ngumi bila kuangalia ni nani. Ilimpata begani akaanguka matopeni. Hakulia. Alijikunja, mikono yote miwili juu ya kichwa, mdomo umefungwa, akangoja ya pili.

Polisi walipofika, fundi rangi ndiye aliyewaita, Nyundo alikwenda nao bila ubishi. Njiani alishajitetea moyoni na kushinda kesi. Ile ngumi ya begani ilikuwa bahati mbaya. Hata askari mmoja kituoni alimnong'oneza kwamba baba yeyote angefanya vilevile, na kifua chake kikajaa. Alisimama mbele ya kaunta akingoja kusikia uovu wa mkwe ukitajwa kwa sauti. Mkwe alikuwa kwenye benchi, mkono umefungwa vibao, akingoja kupelekwa hospitali. Mama alikaa karibu na binti.

Askari wa kike alivuta kiti.

"Dada, tuanzie mwanzo," alisema kwa upole. "Nani alianza kukupiga?"

Binti alimtazama mumewe kitambo. Kisha akamgeukia Nyundo, na safari hii hakuinamisha macho.

"Baba yangu," alisema.

Askari alimuuliza mama kama ni kweli, na mama akasema ni kweli. Akauliza ni tangu lini. Binti akaanza kueleza, tangu kabla hajapelekwa shule, taya likimuuma kila neno, na Nyundo alisimama pale akasikiliza yote.