Mti Mmoja wa Bwana D.O.

Hellen Jepkosgei hakuwa mtu wa kukaa kitini. Ukimkaribisha chai aliinywa akiwa amesimama mlangoni, huku akitazama nje kana kwamba kuna ng'ombe ameingia shambani. Mumewe, kabla hajafariki, alizoea kusema kwamba alioa miguu, mwili uliobaki ukafuata.

Miguu hiyo ilimpeleka kila siku kwenye ekari mbili nyuma ya shule ya msingi, upande wa Kapseret, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Pande zote zilikuwa mahindi na ngano. Ekari hizo mbili pekee hazikuwahi kulimwa, kwa sababu trekta la mzungu lilizama hapo kwenye kinamasi zamani, na baada yake hakuna aliyejaribu tena. Nyasi zikabaki zilivyokuwa tangu hapo: nyekundu za kulisha ndama, ngumu za kuezekea, laini ambazo kwale hutagia ndani yake. Kila Alhamisi Jepkosgei na wanawake kumi wa kikundi chake waliwafundisha watoto wa shule majina na kazi za nyasi hizo, na ndege wanaoishi humo. Mwalimu Bethwel aliwaleta watoto, naye akaandika pamoja nao. Watu wa sokoni walikiita Kikundi cha Ng'ombe.

"Nani mwingine hupenda nyasi hivyo?" waliuliza, wakacheka.

Jumatatu moja ya Aprili, mwaka wa themanini na sita, naibu wa chifu, Kimeli, alikuja kwa baiskeli akamkuta ukingoni mwa kinamasi.

"Mama Hellen, mmepata bahati," alisema. "Ijumaa bwana D.O., mkuu wa tarafa, anakuja kupanda miti. Nimemwonyesha hii pori yenu. Mikaratusi mia mbili. Kikundi chako kichimbe mashimo."

"Hapa?"

"Sasa wapi? Hapa hakuna kitu."

"Kuna kong'ony analalia mayai mawili pale," alisema, akionyesha kwa kidevu mahali korongo huyo mwenye taji alipojenga kiota. "Na mkaratusi hunywa maji, Kimeli. Miaka mitatu hii kinamasi itakuwa vumbi."

"Huyo kong'ony ana title deed ya shamba hili?" Kimeli alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, mimi nakuheshimu. Lakini serikali ikisema miti, wewe utasimama useme nyasi? Utasemea wapi?"

Hakuwa na pa kusemea. Mkutano wa watu zaidi ya watano ulihitaji kibali, na kibali kilitoka kwa wakubwa wa Kimeli. Zaidi ya hayo, nani angeelewa? Redio ilisema panda mti, kanisani walisema panda mti. Mtu wa kukataa mti angeonekana amerukwa na akili, au ana jambo amelificha.

Jumanne alitembea hadi barabara kuu, akarudi. Jumatano akavunja shina la nyasi moja baada ya jingine vidoleni, bila kujua, mpaka vidole vikawa vya kijani. Mwishowe akajikuta dukani kwa Wahu, mwanakikundi aliyehamia kutoka Nyeri na mumewe Ndungu.

"Kaa chini, unanichosha macho," Wahu alisema.

"Siwezi. Kesho ni kuchimba."

Wahu alikuwa anapima sukari. Akaifunga pakiti polepole. "Hellen, wewe umewahi kuona mkubwa akichimba shimo?"

"Sijaona."

"Akiuliza shimo liko wapi?"

"Hapana. Anaonyeshwa, anapanda, wanapiga makofi."

"Basi. Anapanda penye shimo. Na mashimo ni nani anachimba?"

Jepkosgei alimtazama. Kwa mara ya kwanza wiki ile akavuta kiti, akakalia pembe yake.

Alhamisi wanawake kumi na mmoja walichimba mashimo mia mbili. Waliyachimba kando ya ua wa shule, upande wa barabara, kwenye udongo mkavu ambako hakukuota kitu ila michongoma. Zile ekari mbili hawakuzigusa.

Kimeli alifika Ijumaa asubuhi, akatazama, akavua kofia.

"Mama! Mashimo yamehama?"

"Tumefikiria bwana D.O.," alijibu Wahu haraka. "Kule nyuma nani ataona miti yake? Hapa hata gari la kwenda Nairobi litaiona."

"Mnataka nifutwe kazi?"

Lakini vumbi la Land Rover lilikuwa limeshaonekana. Kimeli akavaa kofia, akasimama wima.

Kila kitu kilikwenda vizuri. Watoto waliimba. Miche ilitolewa kwenye pakiti za maziwa ya Nyayo wanayogawiwa watoto shuleni, ikaingia ardhini mmoja mmoja. Jepkosgei alisimama nyuma akihesabu: mia na hamsini, mia na themanini. Ukabaki mmoja, wa mgeni mwenyewe.

Bwana D.O. akanyoosha fimbo yake, akaonyesha juu ya ua, kwenye zile ekari mbili. "Na pale kwenye nafasi? Wangu uwe pale, usimame peke yake. Leteni kibao chenye jina langu."

Kimeli alimgeukia Jepkosgei. "Mama, chukua jembe."

Akalichukua. Alitembea mbele yao ndani ya nyasi, akaipinda njia bila kuonekana anaipinda, hadi kona ya mbali kabisa na kiota. Akachimba mwenyewe. Kong'ony akainuka kutoka kinamasini, akalia, akazunguka juu ya vichwa vyao.

"Ndege mzuri," alisema D.O., akapanda. Kisha akampangusia Jepkosgei udongo begani kama mwanawe. "Mama, mti huu nimeuacha mkononi mwako. Usiuache ufe."

Kwa hiyo, kiangazi kilipofika, yeye aliyeukataa ndiye aliyebeba maji kuunywesha. Kila Wahu alipomwona na ndoo kichwani, alipiga kelele kutoka dukani: "Yaya wa mkaratusi! Mtoto amelala?"

"Amelala na njaa!"

Mara mbili aliirudisha ndoo ikiwa imejaa, akaenda nyumbani. Mara zote mbili hakuweza kutulia, akarudi. Kimeli alikuwa akipita na baiskeli, akihesabu majani. Mti ukifa, maswali yangeulizwa juu ya ekari zote mbili. Makinda mawili ya kong'ony yaliishi, mojawapo likachechemea.

Katika mwaka wa themanini na tisa mkaratusi ule ulikuwa mrefu kupita paa la shule. D.O. alikuwa amehamishwa. Chini ya mti nyasi zilikuwa zimekwisha: mduara wa udongo mkavu na maganda. Watoto wa Alhamisi waliambiwa wahesabu aina za nyasi katika hatua moja kutoka shinani. Hakuna. Hatua tatu: moja. Hatua kumi: tisa, na panzi wasiohesabika. Binti wa Kimeli alikuwa miongoni mwao, naye akaenda nyumbani na daftari.

Aprili ile D.O. mpya alipotangaza siku ya miti, Kimeli alikuja kwa baiskeli yake. Hakushuka.

"Mashimo yachimbwe barabarani," alisema. "Kama yale ya kwanza."

"Na huu?" aliuliza Jepkosgei, akiugusa mkaratusi.

"Una kibao cha serikali, Mama. Nani ataukata?"

Alipoondoka, Jepkosgei alitoa kamba ya katani yenye fundo kila nusu hatua, akaifunga shinani, akatembea nayo mpaka penye jani la kwanza la kijani. Mwaka uliopita lilikuwa kwenye fundo la nne. Sasa lilikuwa kwenye la tano. Akaikunja kamba, akaanza kuzunguka mduara kwa miguu, mara moja, mara mbili, akitazama upande wa kinamasi.