Mgeni Aliyeomba Honi Ilegezwe

Tarehe 10 Agosti 1957, Jumamosi alasiri, nilikuwa sebuleni kwetu, mtaa wa Bahati, nikisahihisha madaftari ya wanafunzi. Naitaja tarehe kwa sababu wapo watakaosema niliota. Sikuota; kalamu nyekundu ilikuwa mkononi.

Uani, mume wangu Yakobo alikuwa akitengeneza honi ya gari lake kuukuu. Mafundi wenzake walimshauri afunge mpya. Alikataa. Ile ya asili, ya umeme, ndiyo iliyolia siku alipomwoa Rehema, mke wake wa kwanza, aliyefariki kabla sijamjua Yakobo. Majuma matatu aliipiga msasa na kuipuliza vumbi kwa upole ambao, niamini, mimi sikuwahi kuuonja. Je, mtu huweza kuionea wivu honi? Mimi niliweza.

"Hodi, Mama Mwalimu."

Mwanamke mwembamba, mwenye mwanya, alisimama mlangoni. Kwetu mgeni haulizwi jina kabla ya chai, basi nikamkaribisha, nikammiminia. Hakuigusa. Yakobo alipojaribu honi, ilikoroma, mgeni akakohoa. Ikakoroma tena, akashika koo.

"Mkono wa bwana wako umekuwa mzito," alisema akitabasamu. "Mwambie alegeze skrubu. Ananibana."

Aliujuaje mkono huo ulipokuwa mwepesi? Hapo nikaukumbuka mwanya wa Rehema, jinsi Yakobo alivyozoea kuusimulia. Nilipaswa kuogopa, lakini wivu ulitangulia. Nikamfuata Yakobo uani.

"Baba, kaza hiyo skrubu."

"Umekuwa fundi lini, mwalimu?"

"Wewe kaza tu."

Akacheka, akakaza. Honi ikanyamaza kabisa. Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu, kikombe kimejaa, na katika matope ya mlangoni hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Tangu siku hiyo Yakobo hakulitaja tena jina la Rehema. Nililolitaka nililipata, ila jina langu pia hakulitamka. Alikula, akashukuru, akanyamaza, hadi alipokwenda kufanya kazi Kariandusi, akaliacha gari uani.

Wewe unayesoma, usishindane na aliyekwisha kuzikwa. Yeye hana cha kupoteza, wewe unacho.

Majuma sita baada ya kuondoka kwake nilimwandikia:

"Yakobo, siku ile Rehema alikuja nyumbani. Aliomba ulegeze skrubu, nami nikakwambia ukaze. Aliyeiua honi si wewe, ni mimi. Rudi uilegeze. Nitakaa ndani niisikilize, hata ikilia kwa ajili yake."