Muuza Riwaya Asiyekuwa na Mjomba

Vitabu vyetu vilinuka sambaza. Vilivuka mpaka kutoka Goma katika magunia yaleyale yaliyobeba samaki wale wadogo waliokaushwa juani, na hata ukikianika kitabu uani siku nzima, ukifika ukurasa unaosema binti wa tajiri alinukia waridi, kinachokupiga puani ni samaki. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja hivi, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kutoziamini riwaya za mapenzi. Tulikuwa tumerudi Gisenyi kutoka Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chetu cha huko kiliwachekesha majirani, waliosema tunaongea kama redio. Baba tulimwacha kaburini kulekule. Mama alifundisha shule huko Nyundo, akitoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo mimi na dada yangu Imakulata tulikuwa chini ya Bibi, mama yake Baba, aliyezaliwa mji huuhuu, akaukimbia akiwa msichana, akaurudia na mvi kichwani akiwa hamwamini mtu yeyote.

Imakulata alikuwa na miaka ishirini na alikuwa akijifunza Kifaransa kwa masista. Riwaya zile ndizo zilikuwa mazoezi yake. Alasiri, tukichambua maharage uani, alitusomea kwa Kiswahili, akitafsiri papo hapo. Sehemu asizozielewa alizitunga mwenyewe, nami nilizitambua upesi, maana hapo ndipo mwanamume alipozidi kuwa mpole. Kulikuwa na kitabu kimoja kilichomkosesha usingizi: kijana amezaliwa na moto ndani ya mlima, anashuka bondeni, anamkuta msichana kisimani, na kabla mtungi haujajaa wamekwisha kuapiana. Bibi aliacha maharage. Alitaka kujua nani alikwenda kumposa huyo binti. Imakulata akasema hakuna, walipendana tu. Na mama yake kijana je? Moto, akajibu Imakulata. Bibi akaugeukia mlima wa Goma, ambao moshi wake tuliuona kutoka uani kwetu, akasema tangu yeye msichana mlima ule umetoa moshi na majivu, haujawahi kutoa mkwe.

Nilicheka mpaka ungo ukapinduka, lakini moyoni nilikuwa upande wa Bibi. Nilizisoma riwaya zile kama askari wa mpakani anavyopekua mizigo. Daktari mzuri mwenye macho ya kijani hakuwa na shangazi. Mwana wa mfalme apandaye farasi hakuwa na hata binamu mmoja wa kumtia aibu. Wote walitokea tu, wakapenda, wakaaminiwa. Hebu! Mjini kwetu miaka ile swali la kwanza halikuwa jina lako, lilikuwa wewe ni mtoto wa nani, wa kilima kipi, na ulikuwa wapi wakati wa mauaji ya kimbari. Mtu asiyekuwa na wa kumtaja ama alikuwa ameachwa peke yake duniani, ama alikuwa na jambo la kuficha, na kwa macho hukuweza kuwatofautisha. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, Bibi alipenda kusema, na mimi kila mgeni aliyeingia nilimtazama miguu kwanza.

Aliyetuletea vitabu hivyo ndiye aliyenitia wasiwasi kuliko vitabu vyenyewe. Aliitwa Emanueli. Alitandaza turubai karibu na soko, akapanga riwaya zake kwa rangi, na kila juma alimpa Imakulata moja asome amrudishie. Nyingi zilikosa kurasa za mwisho, na Bibi alishikilia kwamba anazichana makusudi ili msichana arudi kuulizia. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini, yaani kila kitu nilichokwisha kukikataa kwenye vitabu. Ukimuuliza kwao alielekeza kidevu juu, upande wa Rugerero, akabadilisha mazungumzo. Ukimuuliza jamaa zake alisema hawapo. Nilipomwambia Imakulata kwamba mtu huyu ametoka mlima wa moto, alininyamazia siku mbili. Kisha akamwambia Mama waziwazi kwamba Emanueli akikataliwa, ataondoka naye hivyohivyo, bila baraka wala ng'ombe. Mama akalia. Kwetu msichana akiondoka hivyo, nyumba humfunga mlango, na Bibi hakuwa mtu wa kuufungua tena.

Basi Bibi akatoa sharti: aje na watu wake, apose kama watu wanavyoposa. Kwa desturi yetu bwana harusi hasemi neno siku hiyo. Mzee wa upande wake ndiye humwombea, na upande wa msichana humsumbua kwa utani, hatuna binti hapa, mmepotea njia, mpaka hoja zimwishie au pombe iishe. Emanueli akaja na wanaume watatu waliovaa makoti, na mmoja, mzee mfupi mwenye vidole vyenye weusi usiotoka, akajitambulisha kuwa mjomba wake. Baba mdogo, aliyetusemea sisi, alimzungusha kweli kweli, na mzee akajibu vizuri sana. Vizuri mno, niliona mimi, kama mtu aliyekariri. Ikafika pombe ya ndizi waliyoileta wao. Sasa, kwetu aletaye kinywaji hukionja kwanza mbele za watu, ili anayepokea ajue hakikutiwa kitu. Mzee yule aliupokea mrija, akaugusisha mdomoni, akaupitisha kwa Baba mdogo. Koo lake halikutikisika. Nililiona, na nilipomgeukia Bibi kwenye mkeka wa wanawake, nikajua naye ameliona.

Bibi akamzuia Baba mdogo mkono. Akauliza kwa utaratibu, bila kupandisha sauti, "Mjomba, mbona hunywi pombe yako?"

Hakuna aliyetaja sumu, lakini miaka ile hakuna aliyehitaji kuitaja. Wajomba zangu wawili walikwisha kusimama. Imakulata, aliyefichwa chumba cha pili kama desturi inavyotaka, akatokea mlangoni, uso umemparama. Mzee akamtazama Emanueli, kisha akaweka mikono yake magotini, akasema kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, cha Goma, "Bon, niseme kweli. Mi ni Shabani, fundi wa baiskeli pale soko. Mi ni Mwislamu, pombe sinywaki. Huyu si mutoto wa dada yangu. Lakini iko mutu muzuri." Naye Emanueli, kinyume cha desturi, akasimama na kusema kwamba hao watatu ni majirani zake wa sokoni, kwamba hana mwingine wa kuleta, na kwamba aliona aibu kuja peke yake. Nilijisikia nimeshinda, na wakati huohuo nikatamani nisingeshinda. Nikangoja Bibi amfukuze. Bibi akasema, "Mficha uchi hazai. Kesho nipeleke kwenu."

Tukaenda wanne: Bibi, Imakulata, Emanueli na mimi niliyebeba mwavuli. Tulishuka basi baada ya Rugerero, tukapanda kilima taratibu kwa sababu ya magoti ya Bibi, na kadiri tulivyopanda ndivyo Emanueli alivyozidi kupunguza mwendo, mpaka Bibi akawa anamsubiri yeye. Pale aliposimama hapakuwa na nyumba. Palikuwa na shamba la viazi, limepaliliwa vizuri, na mstari wa mawe ya msingi ukionekana katikati ya matuta. Mwanamke mmoja alikuwa akilima. Akainuka, akatukazia macho, jembe likamwanguka. "Kanyoni?" akaita. "Wewe si Kanyoni wa Veneranda?"

Nilidhani mambo yamekwisha. Huyu hapa mtu anayemjua, anayemjua na mama yake, mtu wa kumsemea. Mwanamke akaja mikono imenyooshwa. Emanueli hakuipokea. Alisimama, mikono mifukoni, akiyatazama yale matuta ya viazi, na mwanamke naye akayatazama, mikono yake ikashuka polepole. Ndipo nilipoelewa, mtoto mimi, kwamba watu wake waliuawa, na waliobaki wanaojua yeye ni mtoto wa nani ndio hao wanaolima alipozaliwa, na kwamba hangeweza kumleta hata mmoja wao aketi mbele yetu na kumwita mwanangu. Imakulata akamshika mkono palepale, mbele ya Bibi, jambo lisilofanyika. Bibi aliwatazama hao wawili, akamtazama na mwanamke kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi, tumeona. Twende zetu. Fundi baiskeli anatosha."

Posa ikarudiwa. Mzee Shabani alikuja na kreti za Fanta, akaonja wa kwanza, akainywa chupa nzima mpaka watu wakacheka. Bibi hakuacha kushuku watu hata baada ya hapo, na mpaka anazikwa aliamini kurasa zile zilichanwa makusudi.

Siku hizi riwaya za namna hiyo nazisomea kwenye simu, hazinuki kitu. Nimemaliza mbili mwezi huu, moja ya malkia wa barafu na moja ya mpishi na bosi wake, na bado nazishuku. Bado mashujaa wake hawana shangazi. Ila zamani nikimkuta kijana asiye na jamaa niliuliza anaficha nini, na leo najikuta nauliza ni nani anayelima pale kwao, swali ambalo waandishi wake hawajanijibu. Watoto wa mji huu sasa hawaulizani ni wa kilima gani, angalau si kwa sauti, nami sijui kama ni kupona au ni adabu tu. Mwaka jana ilikuwa zamu ya binti wa Imakulata na Emanueli kuposwa. Mzee Shabani, sasa haoni vizuri, aliketishwa kiti cha mbele upande wetu, na mzee wa upande wa pili alipouliza huyu ni nani wa msichana, akajibu mwenyewe kwamba ni babu yake. Hakuna aliyeuliza swali la pili, hata mimi.