Mtumbwi Juu ya Lori

Nabandika hapa kwenye ubao wa matangazo kabla dereva hajawasimulia: ndiyo, leo nimerudi Kasulu na mtumbwi juu ya lori.

Nimeununua Ujiji kwa ajili ya mke wangu. Mama yake anaishi ng'ambo ya Malagarasi, upande wa Kibondo, na masika yaliyopita mto ulifurika, hawakuonana kabisa.

Mimi nilitaka tuusafirishe kwa maji. Tufuate ziwa, tuingie mtoni, tupande hadi kwa mama mkwe.

Mke wangu akanitazama kwa huruma.
"Mwalimu wa jiografia. Na yale maporomoko utayapanda kwa ngazi?"

Basi, barabara.

Yeye akakaa ndani ya mtumbwi, kafi mkononi. Mimi mbele na dereva.

Sasa mnawajua Waha kwa salamu. Kila kijiji akina mama wanasimamisha lori, mke wangu anashuka, wanapiga makofi, mwakeye, habari za watoto, habari za mihogo. Dereva ananung'unika.

Bibi mmoja akauliza, "Mtumbwi huku milimani mnaupeleka wapi?"
"Kwa mama."

Bibi akaingia ndani, akatoka na mkungu wa ndizi, akautia mtumbwini.
"Umsalimie."

Vijiji vilivyofuata, hivyo hivyo. Mtumbwi ukajaa. Mke wangu akahamia mbele, akasinzia begani kwangu, kafi bado kalishika.
Dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa.

Kesho tunaushusha mtoni. Anayetaka kunicheka aandike hapa chini.

Kupiga kafi sijui. Yeye anajua.
Mimi nitakaa katikati, na ndizi.