Mume wangu mpima dhahabu kauziwa saa ya kuchovya

Admin, jina langu libaki kwako, maana hapa Masumbwe tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka 37, nina mapacha, na mume wangu hununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Wanamwogopa kwa jicho lake kali. Mimi jicho hilo nimeacha kuliheshimu tangu mwezi uliopita.

Marehemu baba alifanya kazi mgodini Mwadui. Aliacha saa moja ya mkononi, ya chuma, ya kutia ufunguo, mfuniko wake wa nyuma umelainika kwa jasho la miaka. Aliniachia mimi kwa sababu tangu nikiwa mdogo ndiye niliyekuwa naitia ufunguo kila asubuhi. Mume wangu aliiita chuma chakavu. Kwake yeye kitu kisichong'aa si mali.

Basi akaenda Shinyanga mjini, akarudi na saa ya njano mkononi, kifua mbele. "Mama Kulwa, hii ni ya kale, dhahabu tupu. Nimeipima mwenyewe." Kaisugua kidogo kwenye jiwe la kupimia, kaidondoshea asidi, rangi haikubadilika, akaridhika. Mtu huyu huyu mchimbaji akimletea kipande hukikata kwanza aone ndani. Saa aliogopa kuichubua, eti ataiharibu. Akapima ngozi tu.

Nikaishika. Mshale wa sekunde unaruka, tk, tk, kama wa saa ya ukutani ya betri. Saa ya kale ya ufunguo mshale wake unateleza, na ukiiweka sikioni inakimbia mbio mbio. Kitufe cha pembeni, kile cha kutia ufunguo, nikakizungusha, kinazunguka bure, hakikazi. Uso umepauka sawasawa pande zote kama uliochovywa kwenye chai, wakati saa iliyozeeka kweli huzeeka kwa viraka. Nikachukua wembe, nikakwangua kidogo kwenye kona inayofichwa na mkanda. Ndani nyeupe. Mtaalamu wetu wa dhahabu kanunua ya kuchovya, dhahabu juu juu tu.

Nikamuuliza katoa nini. Akatazama pembeni. Katoa hela, na juu yake kaongeza ile ya baba, "maana muuzaji aliipenda." Hakuipenda, aliijua. Mume wangu kauziwa mbuzi kwenye gunia, na kalipa kwa urithi wangu bila hata kuniuliza.

Nikampigia muuzaji. Akajibu kwa adabu: "Shemeji, saa ya mzee ipo, sijaiuza bado. Lakini biashara nilifanya na mumeo. Aje mwenyewe aseme hii ina kasoro gani." Mume wangu akakataa katakata. "Nikasimame dukani niseme nimeshindwa kuitambua ya kuchovya? Wachimbaji wakisikia, nani ataniletea mzigo tena?" Huyo ndiye mwanaume wangu. Kuchekwa anaogopa, kuchukua cha marehemu haogopi.

Sasa Jumapili ijayo tuna misa ya kumkumbuka baba kule Mwadui. Mama yangu haoni tena. Kanipigia simu: "Mayu, mwanangu, uje na saa ya baba yako. Nataka niisikie." Mume wangu ana mpango wake. Atavaa takataka yake, mimi niwaambie ndugu kwamba ndiyo ya baba, tumeipaka dhahabu kumuenzi. Nikamwambia mama akiisikia tu atajua. Akatabasamu: "Mama mkwe hawezi kunishika mkono aisikilize, sisi Wasukuma tuna heshima yetu." Heshima ya mkwe na mama mkwe, waliyotuachia wazee, yeye kaigeuza mahali pa kujificha. Namtazama akila ugali wangu namdharau.

Nikimuumbua kwa kuwaonyesha wachimbaji ule mkwaruzo, biashara yake imekufa na wanangu ndio watakaolala njaa. Nikinyamaza, nitakuwa nimemdanganya mama yangu asiyeona, kanisani, siku ya baba. Na muuzaji kasema akipata mteja, ile ya baba ataiuza.

Nishaurini, nifanye nini? Wa kuniambia nivumilie apite tu. Mama atanyoosha mkono Jumapili, niweke nini juu yake?