Msalaba wa Mpakani Munigi

Habari ya kifo cha mama mmoja wa Munigi ilinikuta mtaani kwangu Ndosho, kwa fundi wa viatu. Wasomaji wangu hamkumfahamu. Alikuwa mkulima, na shamba lake lilipakana na letu. Kati ya mashamba hayo mawili babu zetu walisimamisha msalaba wa mawe ya volkano, urefu wa kiuno cha mtu mzima. Ulionyesha mpaka, na ulionyesha njia pia, kwa kuwa huko ni uwanda wa mawe meusi usio na mti mkubwa, na mgeni aliyeelekea mjini aliambiwa tu: "Ukifika ku musalaba, shika njia ya kuume."

Vita vilipotufikia, tulikimbilia Kituku, ufukweni mwa ziwa, tukapanda mashua, tukaishi ng'ambo kwa miaka. Tuliporudi, mama yangu aliogopa kwenda kuangalia shamba. Wangapi wamerudi wakakuta nyumba ya mtu mwingine imesimama katika maharage yao? Lakini tulikuta msalaba umesimama pale pale. Mama huyo jirani alitusalimia na kusema, "Shamba yenu iko, mama. Mulime tu."

Mengine nimeyasikia juzi kwenye kilio chake. Mwanawe mkubwa, mzee sasa, alinisogezea kiti akaniambia kwamba tulipokuwa hatupo, wakimbizi walijaa uwandani na msalaba ukabomolewa, mawe yakawa mafiga. Yeye na ndugu zake waliona nafasi. "Tulimuambia, mama, benye shamba habatarudia, tusogeze mupaka. Akatujibu: kama bako bazima, ni yabo, kama bamekufa, ni ya batoto yabo." Kisha akatoka peke yake kuyatafuta mawe yale kati ya vibanda.

Karibu nasi alikaa mwanamke anayeuza samaki Kituku. Yeye alikuwa mmoja wa wakimbizi wale. Alisimulia jinsi mama huyo alivyosimama mbele ya sufuria yake akilitazama figa moja, na yeye mkimbizi akaanza kukusanya vitu vyake, akidhani anafukuzwa. "Akaniambia, pika kwanza, mama, batoto bakule. Akaenda kwake, akarudia na jiwe ingine kichwani. Maharage ilipoiva, tukabadilisha. Nikamusaidia kubeba." Wanawake hao wawili, mmoja amefukuzwa kwao na mwingine akiwa na njaa kwake, ndio waliousimamisha upya mpaka wa watu wasiokuwepo.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa. Sisi watu wa Kivu tumezoea kuzungumzia mipaka kama jambo la wakubwa, la ramani na mikutano ya hoteli. Mama huyu hakualikwa mkutano wowote. Alikuwa na wana wenye nguvu, shahidi hakuwepo, na udongo mzuri ni haba kwenye mawe yetu. Angeweza kuchukua, na hakuchukua. Kwa sababu hiyo mama yangu aliyezeeka anakula maharage ya shamba lake, nami sikupata nafasi ya kumwambia marehemu asante huku nikijua ninachomshukuria.

Jirani yangu hapa Ndosho alikimbia vita na familia yake, na uzio wake wa mbao umeanguka kuelekea kwangu. Jumamosi nitanunua misumari, niusimamishe pale ulipokuwa.